Sherehe Isiyongoja: Desemba Yangu Ndani ya Gemu

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, usiku wa Jumamosi baada ya tarawehe. Tumeyaacha kama yalivyosemwa, isipokuwa pale palipohitaji kupunguzwa.)



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena mwezi huu tukiwa wazima. Nawashukuru na waliopika pia, kwa sababu mtu anayepewa kipaza sauti baada ya watu kula mihogo ya nazi na samaki ana kazi kubwa ya kuwazuia wasilale, na mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwao.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "Kijana na Wakati Wake". Mada hii mmeshaisikia. Kila mwaka husimama mtu hapa akatuambia wakati ni mali, tukaitikia, tukaenda zetu nyumbani, na mwaka unaofuata akaletwa mwengine atuambie yale yale. Kwa hivyo nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti nizungumzie kitu kimoja kidogo ninachokijua vizuri, nacho ni gemu moja ya kompyuta, na sherehe moja ndani ya gemu hiyo niliyoicheza Desemba 2024. Wazee wangu mtanisamehe. Najua wako hapa ambao wakisikia neno gemu, basi mazungumzo yamekwisha. Nivumilieni, maana ndani ya hadithi hii yumo kaka yangu, na kaka amenipa idhini nimtaje maadamu nisimtaje kwa jina.

Gemu yenyewe yaitwa Don't Starve Together. Ni kama kuambiwa, "Shirikianeni, msife njaa." Imetengenezwa na kampuni ya Klei Entertainment ya mji wa Vancouver, Kanada. Ya kwanza, ya kucheza mtu mmoja, ilitoka mwaka 2013, na hii ya kucheza wengi kupitia intaneti ilikamilika mwaka 2016. Unaachwa porini mikono mitupu. Huna nyumba, huna chakula, huna hata kisu. Unaokota vijiti, nyasi na mawe ya gumegume, unatengeneza shoka, unakata mti, unawasha moto. Pembeni mwa kioo kuna vipimo vitatu: cha njaa, cha afya, na cha utulivu wa akili. Hiki cha tatu ndicho kilichonivutia mimi. Ukikaa gizani, ukila vitu vibovu, ukikaa karibu na mizimu ya wenzako waliokufa, akili inapungua mpaka unaanza kuona vivuli visivyokuwapo, na akili ikipungua zaidi vivuli hivyo vinakupiga kweli. Na usiku ukikukuta huna moto wala taa, giza lenyewe linakuua. Halingoji.

Siku moja ya gemu ni dakika 8 za saa zetu. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia baadaye kwa ajili ya wazazi. Kwa kawaida unaanza na siku 20 za majira ya vuli, kisha zinakuja siku 15 za baridi kali. Sasa mimi ni mtoto wa Mombasa. Baridi ninayoijua ni ile ya mwezi wa Julai ambapo mamangu hutafuta shali na sisi tunamcheka. Theluji sijapata kuiona kwa macho yangu. Lakini naweza kuwaambia jinsi ya kuchukua jiwe la kuhifadhi joto, kuliweka karibu na moto mpaka ligeuke rangi, ukalitia mfukoni na kukimbia nalo kwenda kutafuta chakula kabla halijapoa. Nimekufa kwa baridi mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Mji wa Kale.

Basi kila Desemba, tangu mwaka 2016, gemu hii hupambwa kwa sherehe inayoitwa Winter's Feast, yaani karamu ya majira ya baridi. Huanza Desemba, na mwaka mpya ukishaingia hufungwa. Wanyama na mazimwi unaowaua wanaanza kuangusha mapambo madogo madogo, na vyakula vya sherehe. Unapanda mti, unautunza mpaka ukue, unauvika mapambo yale na vitaa, na baadaye chini yake hutokea zawadi. Kuna jiko la matofali la kupikia vyakula maalumu vya karamu, na kuna meza ya kuviweka. Kuna hata nguruwe wa biskuti ya tangawizi, msicheke, anayekimbia huku akidondosha makombo, nawe unayafuata. Mimi nilikuwa simfuati. Si kwa sababu ya dini, bali kwa sababu mwisho wa makombo yale hukawii kukutana na kitu kinachokuuma.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nimeshaulizwa barazani. Je, hii si Krismasi? Ukitazama mti na vitaa, inafanana nayo sana, hakuna haja ya kubishana. Gemu haiitaji dini yoyote, lakini ilikochukuliwa kila mtu anakuona. Mimi si mufti, nimesoma madrasa nikafika nilipofika, na masheikh wamekaa hapa mbele yangu. Muulizeni mwenye elimu. Nitataja tukio moja tu ambalo vijana wengi wa simu walilisikia. Juni 2020 gemu ya PUBG Mobile iliweka kwa muda sehemu ya msituni ambamo mchezaji alikuwa akiinama mbele ya masanamu ili apewe vifaa au afya. Waislamu wa Kuwait na kwengineko wakalalamika, na siku chache baadaye kampuni ikaomba radhi na kukiondoa kitendo kile. Nasema hivi ili tujue kwamba wenye gemu wanasikia wakiambiwa kwa adabu. Lakini leo sikuja kwa ajili ya mti. Kilichonidhuru mimi hakikuwa mti. Kilikuwa ile tarehe ya mwisho.

Hebu tuitazame tarehe hiyo vizuri. Karibu kila gemu ya intaneti siku hizi ina sherehe za muda. Fortnite, tangu Desemba 2019, ina Winterfest, ambapo wachezaji hufungua zawadi moja kila siku. Rust, gemu nyingine ya kupambana na njaa na maadui, hunyesha zawadi za Krismasi chini karibu na wachezaji, watu wakazikimbilia wakiuana. Gemu za simu mnazozijua nyinyi zina zake, za Idi na za mwaka mpya wa Wachina na za kila kitu. Sababu si siri. Mwenye gemu anataka watu wengi waingie kwa wakati mmoja, kwa sababu gemu ya wengi ikiwa na watu wachache imekufa. Anataka aliyeacha mwezi wa Agosti arudi Desemba. Na anataka kuuza mavazi ya wahusika. Sasa, ukimwambia mtu "kuna kitu kizuri hapa," atakwambia nitakuja kesho. Ukimwambia "kuna kitu kizuri hapa na kitaondolewa wiki ijayo," mtu yule atakuja leo usiku, na ataacha lolote alilokuwa akilifanya. Wafanyabiashara wa sokoni wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwenye duka anayepunga kitambaa na kupiga kelele "mwisho leo, mwisho leo" ana vitambaa vyengine robota nzima nyuma ya pazia.

Sasa nakuja kwa kaka.

Kaka yangu ananizidi miaka saba. Yuko Doha, Qatar, tangu nilipokuwa kidato cha tatu. Alikwenda kwa kazi ya ulinzi, zamu ya saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Ndiye aliyenisomesha, na ndiye aliyeninunulia kompyuta nilipoingia chuo kikuu Nairobi, na gemu hii pia ni yeye aliyeninunulia, ati tucheze pamoja tusisahauliane. Sisi watu wa pwani tunajua kuzungumza tukiwa tumekaa barazani, lakini kwenye simu maneno yetu ni machache. Hujambo, sijambo, mama hajambo, pesa zimefika, alhamdulillahi, basi. Kwenye gemu ilikuwa tofauti. Ulimi unafunguka mikono ikiwa na kazi. Saa za Doha ni sawa na zetu, kwa hivyo kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, tulikuwa tukiingia kama saa moja hivi. Yeye anakata kuni, mimi natafuta chakula, na simu iko pembeni tunazungumza. Saa moja ikiisha analala, kwa sababu zamu inamngoja.

Desemba 2024 nilifunga chuo nikarudi Mombasa, na sherehe ikafunguliwa. Na kaka, mwaka huo, hakuwa akiingia Ijumaa peke yake. Alikuwa akiingia kila usiku. Tunaanza baada ya isha, na wakati mwengine tunasikia adhana ya alfajiri, mimi kupitia dirishani na yeye kupitia simu yake, tungali humo.

Nilifurahi. Huo ndio ukweli wangu, na naona aibu kuusema, lakini nilifurahi kwa sababu mikono imeongezeka. Mti wetu ulikuwa na nafasi tupu za mapambo, na mimi nilikuwa nimetengeneza orodha kwenye karatasi ya mapambo tuliyonayo na tusiyonayo. Nilikuwa nikinunua bando za usiku kwa pesa ambazo mamangu alinipa za nauli ya kurudia chuoni. Mchana nalala. Nilipoitwa kwenda kumpeleka nyanya kliniki ya macho nilisema naumwa kichwa, na kichwa kilikuwa kinauma kweli, lakini nyote mnajua kilikuwa kinauma kwa nini. Sala ya alfajiri nilikuwa naiswali kwa haraka nikiwa na usingizi, na adhuhuri ndiyo nilikuwa naichelewesha zaidi. Sikujiuliza hata mara moja: mtu wa zamu ya saa kumi na mbili anapata wapi usiku mzima wa kucheza, siku ishirini mfululizo?

Kuna zimwi moja kwenye majira ya baridi, laitwa Deerclops. Ni kubwa kuliko miti, lina jicho moja, na likija linavunja kila ulichojenga. Kabla halijafika unasikia mngurumo kutoka mbali, na mhusika wako mwenyewe anasema amesikia kitu. Wakati wa sherehe ukiliua linaacha pambo lake lenyewe la kutundika mtini. Pambo hilo ndilo lililokuwa juu kabisa ya orodha yangu. Na ili ulipate, lazima ufike katikati ya baridi ukiwa hai. Tangu kuanza dunia mpya mpaka siku kama ya 30 ni muda wa saa nne za kweli, na sisi tulikuwa tumeshakufa mara mbili na kuanza upya.

Usiku huo tulikuwa kwenye meza ya karamu. Tulikuwa tumepika. Meza ile imetengenezwa ili watu wakae pamoja, mnaikaribia wote na kila aliye karibu anafaidika. Ilikuwa kama saa saba za usiku. Kaka alikuwa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mdogo wangu."

Nikasema, "Naam kaka."

"Mimi siku hizi sina haraka ya kulala, umeona?"

Nikasema, "Afadhali, tutamaliza mti."

Akacheka kidogo. Akasema, "Nataka nikwambie kitu, lakini usimwambie mama kwanza."

Na hapo hapo, wallahi, mhusika wangu akasema amesikia kitu.

Nikamwambia, "Ngoja kaka, ngoja, ngoja! Lile laja! Chukua mkuki, tutazungumza."

Tukapigana nalo. Lilivunja jiko na likavunja meza yenyewe, lakini tukaliua, na pambo likaanguka kwenye theluji, nami nikapiga kelele mpaka mamangu akaamka chumba cha pili akauliza kuna nini. Nikalitundika. Nilipiga picha ya mti. Kaka akasema hongera, sasa nalala. Na mimi nikasema haya, kesho. Sikumuuliza alitaka kusema nini. Si kwamba nilikumbuka nikapuuza. Sikukumbuka. Neno lake lilifutika kama halikuwahi kusemwa.

Sherehe ikafungwa. Nilipata vazi moja la mhusika, na kitu kingine ambacho mpaka leo sikumbuki ni nini.

Januari, karo ya dada yetu ilikuwa haijafika. Mamangu alingoja, akampigia kaka, na huko ndiko mambo yalikotoka. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu Novemba. Kazi iliyowapeleka pale ilimalizika, wakaambiwa basi. Sheria ya Qatar, tangu 2020, inamruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri bila barua ya idhini ya mwajiri wa kwanza, lakini ruhusa ya kuhama ni jambo moja na mtu wa kukupokea ni jambo jengine. Alikuwa amekaa kwa rafiki zake, wanne chumba kimoja, anazunguka mchana kutafuta kazi, na usiku hapati usingizi. Kwa hivyo anafungua kompyuta. Pale ndipo mahali pekee alipokuwa na mtu wa nyumbani kwao aliye macho saa ile.

Mamangu hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akaniuliza kwa sauti ya chini tu, "Si wewe uliyekuwa ukizungumza naye kila usiku? Hukujua?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tulizungumza kila usiku kwa karibu wiki tatu. Tulizungumza habari za kuni, mapambo, mawe ya joto, nani akae na nani aende. Yote yale yalikuwa na tarehe ya mwisho, kwa hivyo yalipita mbele. Habari ya kaka haikuandikiwa tarehe na mtu yeyote, basi ikawekwa nyuma.

Nitawaambia na jambo jengine, ambalo lilinikasirisha zaidi. Siku zote kaka ndiye aliyekuwa akifungua dunia zetu, mimi naingia tu. Februari, nikiwa chuoni, nikafungua yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla dunia haijatengenezwa kuna ukurasa wa mipangilio, unachagua baridi iwe ndefu au fupi, wanyama wawe wengi au wachache. Na hapo kuna mstari wa sherehe. Umeandikwa kwamba gemu itachagua yenyewe kwa mujibu wa msimu. Ukibonyeza, orodha yote inafunguka, na Winter's Feast imo. Unaweza kuiwasha Februari. Unaweza kuiwasha Julai. Mti, meza, jiko, mapambo, na Deerclops na pambo lake, vyote vinapatikana siku yoyote ya mwaka kwa anayevitaka. Kilichokuwa cha Desemba kweli ni zile zawadi za mavazi tu. Sikusoma mstari mmoja wa mipangilio. Nilikuwa nimeuza usiku ishirini na mmoja kwa kitu ambacho hakikuwa kinakwenda popote.

Si gemu zote ziko hivyo, nisiwadanganye. Nyingi wanaifunga sherehe kwao makao makuu na wewe huna la kufanya. Lakini nawaomba vijana, kabla hujamwambia mtu "ngoja", tazama kwanza ni kitu gani hasa kinachoondoka. Pengine ni kofia.

Na wazazi, niwarudishie hesabu yangu ya dakika 8. Mnapoingia chumbani mkasema "zima sasa hivi", na mtoto akasema "siwezi", mara nyingi hasemi uongo. Akizima yeye, wenzake wanaendelea, na pengine amewaacha pabaya. Kwenye Rust ni shida zaidi, kwa sababu ukitoka mwili wako unabaki umelala pale pale, na anayepita anaweza kukuua na kukuibia. Lakini pia mtoto akisema "dakika tano" hajui anasema nini. Muulizeni gemu yake inahesabu kwa nini. Hii ya kwangu inahesabu kwa siku, na siku ni dakika 8, basi mwambie "maliza siku hiyo, kisha utoke." Ataona kwamba unajua, na hatakuwa na hoja. Gemu za risasi huhesabu kwa raundi. Ulizeni. Mamangu alipojua hesabu hii ugomvi ulipungua nusu, ingawa siku hizi amekuwa mkali wa dakika kuliko refa.

Kaka alipata kazi mwezi wa Machi, kwenye ghala la bidhaa, alhamdulillahi. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, akasema yamekwisha, hujambo, mama hajambo, basi. Simu ni simu. Nikaona kwa njia hiyo hatutafika.

Kwa hivyo Aprili, Idi imeshapita na mvua za masika zinapiga mabati, nilimwambia aingie. Nilifungua dunia mimi. Nikaenda kwenye ule mstari, nikaiwasha Winter's Feast. Kaka alipoona mapambo yanaanguka akasema, "Hii imetoka wapi? Huu si mwezi wake." Nikamwambia sasa mwezi wake ni tunapotaka sisi. Tukapanda mti. Hatukuwa na orodha. Tulipofika siku za baridi tukapika vyakula viwili vitatu, tukaweka mezani, na nikamwambia, "Kaka, usiku ule ulitaka kuniambia kitu."

Akanyamaza. Kisha akaniambia. Si habari za kazi peke yake, hizo nilishazijua. Aliniambia habari za mchana, jinsi alivyokuwa akitoka asubuhi amevaa sare ya kampuni iliyomwachisha, kwa sababu hakutaka wenye nyumba wajue. Aliniambia alikokuwa akila. Aliniambia mambo mengine ambayo hayana haja ya kusemwa kwenye kipaza sauti. Mimi nilikuwa nasema "enhe" na "kisha?" tu, na mikono yangu ilikuwa haigusi kitu.

Na moto ukazimika. Hakuna aliyetia kuni. Giza likatuua sote wawili, pale pale kando ya meza, yeye kwanza na mimi nyuma yake. Kaka akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu aondoke nyumbani. Sasa kwenye gemu hii, mkifa wote na asiwepo hata mmoja aliye hai, saa inaanza kuhesabu sekunde 120. Asipofufuka mtu kabla hazijaisha, dunia yote mliyoijenga inafutwa. Tulikuwa na jiwe la kufufukia, halikuwa mbali, unaweza kulifikia ukiwa mzimu na muda ukabaki. Kaka akasema, "Huendi?"

Nikasema, "Wewe endelea. Ulifika kwenye yule Mnepali aliyekupa kitanda."

Akaendelea. Mizimu yetu miwili ikawa inaelea kando ya ule mti na vitaa vyake, na namba zikawa zinashuka juu ya kioo, mia, tisini, sabini.